Waliotia sahihi walikuwa vijana kama sisi

Lubumbashi, tarehe 17 Januari 2026

Ndugu vijana, wananchi wenzetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kalemie, Goma, Bukavu, Kisangani, na ninyi wote mnaotusoma kwa megabiti za kukopa,

Jana ilikuwa tarehe 16 Januari, leo ni tarehe 17. Siku mbili za kupumzika, moja nyuma ya ingine, juu ya viongozi wawili waliouawa. Mzee Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi Kinshasa mwaka 2001. Patrice Émery Lumumba aliuawa hapa kwetu Katanga mwaka 1961. Ofisi zimefungwa, wakubwa wanaweka maua, radio inarudisha hotuba ya 30 Juni. Kesho maua yatakauka na dosie itabaki vilevile imefungwa.

Juu ya Mzee Kabila, angalau kesi ilikuwa. Watu zaidi ya 100 walisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na baadhi ya waliohukumiwa kifo walitoka gerezani mwaka 2021 kwa msamaha wa raisi. Kama kesi hiyo ilisema ukweli wote, kila mtu ana jibu lake. Lakini juu ya Lumumba, miaka 65 imepita na hakuna hata siku moja ambapo mahakama ya Kongo ilimwita mtu, hata kumuuliza tu: wewe siku ile ulikuwa wapi?

Kila mwaka tarehe hii tunaandika karibu maneno yaleyale: Ubelgiji ulimuua Lumumba, Amerika ilitaka afe, ONU iliangalia pembeni. Ni kweli, na tutarudia bila kuchoka. Lakini mwaka huu tunataka kusema sehemu ile ambayo hatupendi kuisema, sababu inatugusa sisi wenyewe, sisi vijana wenye diploma.

Tuanze na mambo yenyewe, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa jina la Lumumba bila kufundishwa kifo chake.

Lumumba alikuwa waziri wa kwanza kwa muda usiofika miezi mitatu. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 5 Julai askari wakaasi. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza Katanga imejitenga, na Wabelgiji wakiwa nyuma yake. Tarehe 5 Septemba Raisi Kasavubu akamfukuza Lumumba kwenye radio. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu, aliyekuwa na miaka 29 tu, akasema anawaweka pembeni wanasiasa wote. Lumumba akafungiwa nyumbani kwake. Usiku wa tarehe 27 Novemba akatoroka, akashika njia ya kwenda Stanleyville, leo Kisangani, ambako watu wake walikuwa wanamngojea. Alikuwa amekwisha kuvuka mto Sankuru, lakini akarudi nyuma juu ya mke wake Pauline na mtoto wao mdogo waliobaki ngambo ya pili. Hapo wakamkamata.

Wakamfunga katika kambi ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Katikati ya Januari askari wa kambi hiyo wakaasi, na wakubwa wa Léopoldville wakaogopa asije akafunguliwa. Tarehe 17 Januari 1961 wakamtia katika ndege ya DC-4 pamoja na wenzake wawili: Joseph Okito, makamu wa raisi wa seneti, na Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo. Tusome tena: waziri wa vijana. Waziri wa vijana wa serikali yetu ya kwanza alikufa pale, na kati yetu kumi, labda mmoja ndiye anajua jina lake.

Ndani ya ndege waliwapiga mpaka marubani wakafunga mlango wao ili wasione. Ndege ikatua Luano, uwanja uleule ambao mpaka leo tunaangalia wakubwa wakipanda na kushuka. Askari wa ONU kutoka Sweden walikuwa pale, waliona wafungwa wakishushwa na kupigwa, hawakuingilia. Wakapelekwa katika nyumba ya Mbelgiji mmoja pembeni ya mji, wakapigwa tena, na mawaziri wa Katanga walipita kuwaona. Usiku wakapelekwa porini, Shilatembo, karibu kilometa 50 kutoka mjini upande wa barabara ya Likasi. Tshombe na mawaziri wake walikuwa wamesimama. Komisari wa polisi na maofisa watatu, wote Wabelgiji, walikuwa wamesimama. Okito wa kwanza, Mpolo wa pili, Lumumba wa mwisho. Uchunguzi wa Wabelgiji wenyewe unasema ilifanyika kati ya saa tatu na dakika 40 na saa tatu na dakika 43 usiku. Dakika tatu.

Sasa, ndugu, tuhesabu mikono. Kuna mkono uliomkamata. Kuna uliofunga kamba, uliotafuta ndege, uliojaza mafuta, uliorusha ndege, uliofungua mlango Luano, ulioendesha gari mpaka porini, ulioshika tochi. Kila mkono ulifanya kazi ndogo. Kila mwenye mkono aliweza kusema baadaye: mimi nilisafirisha tu, mimi nilipokea tu, mimi nilikuwa nafuata amri. Hivyo ndivyo mtu mmoja aliyechaguliwa na wananchi anaweza kufa, na asipatikane hata mtu mmoja aliyemuua.

Na ile kazi ya karatasi, kazi ya kuandika, kupanga, kutia sahihi, ilifanywa na nani?

Mobutu alipochukua mamlaka Septemba 1960 hakuweka majenerali kwenye wizara. Aliweka wanafunzi na wenye diploma. Aliita vijana waliokuwa wanasoma Ubelgiji na wale wa chuo kikuu cha Lovanium, akaunda serikali iliyoitwa Baraza la Wakamishina, chini ya Justin Bomboko. Wakati ule Wakongo waliomaliza chuo kikuu walihesabika kwa vidole. Hao ndio walikuwa fahari ya inchi, watoto ambao familia nzima iliuza vitu ili wasome. Pembeni yao walikuwa washauri Wabelgiji, wengine walikuwa maprofesa wao wa juzijuzi. Serikali hiyo haikupigiwa kura na mtu. Bunge lilikuwa limefungwa. Na ndiyo serikali iliyokuwa madarakani siku Lumumba alipotolewa Thysville na kupelekwa kwa maadui zake. Wakamishina wawili walipanda naye ndege ileile.

Hatusemi kila kamishina alijua mwisho utakuwaje. Hatusemi kila mmoja alitaka damu. Kati yao alikuwa Étienne Tshisekedi, wakati ule bado mwanafunzi wa sheria, kamishina msaidizi wa haki. Baadaye alikuwa waziri wa Mobutu, kisha akaachana naye, mwaka 1982 akawa kati ya waanzilishi wa UDPS, akafungwa, akateswa, akawa sauti ya mamilioni. Mtu anaweza kurudi njiani. Tunaliandika jina lake wazi, bila matusi na bila woga, kwa sababu historia haiko mali ya chama wala ya familia. Kama hatuwezi kutaja jina kwa sababu mtoto wa mwenye jina anatawala leo, basi hatuna tofauti na wale waliofunga mlango wa marubani ili wasione.

Tunachosema ni hiki: diploma haikuwazuia. Masomo yao ndiyo yalitumika. Askari anajua kupiga, lakini hajui kuandika amri iwe na sura ya sheria. Kwa hiyo kazi hiyo, walihitaji vijana waliosoma.

Hapo ndipo tunajiona sisi wenyewe, na ndiyo sababu tunaandika.

Sisi tunaoandika hapa tuna lisansi. Tumemaliza sheria, uchumi, mawasiliano, ujenzi. Asubuhi tunapanga barua za kazi katika bahasha ya kaki, tunapanda basi, tunaziacha mapokezi, tunaambiwa "tutakupigia". Mama anauza makala au unga ili tupate pesa ya fotokopi. Wadogo zetu wanatuuliza kama kusoma kuna maana gani. Tuko na miaka 24, 25, 26, na simu inapolia kwa namba tusiyoijua, roho inaruka.

Na simu zimeanza kulia. Si za kazi tulizoomba. Anapiga mtu anayefanya kazi kwa mkubwa fulani, anasema: "Nasikia unaandika vizuri. Njoo utufanyie kazi ya mitandao. Hauna hata kutoka nyumbani." Kazi yenyewe ni kutukana mtu fulani kila asubuhi, kumwita msaliti, kumwita mgeni, kusema kabila lake, kusambaza picha. Mwengine anaombwa kuandika orodha ya waliokuja kwenye mkutano wetu, "majina tu, hakuna ubaya". Mwengine anapewa fulana na bahasha aende kujaza uwanja. Mwenzetu mmoja alikubali. Hatutamtaja na hatumtukani, kwake kulikuwa na mgonjwa na deni la hospitali. Lakini wiki mbili baadaye vijana wawili waliokuwa kwenye orodha walilala katika kasho, na alipotuona akasema maneno tuliyokwisha kuyasoma mahali: mimi niliandika majina tu.

Ndugu, maneno hayo yana miaka 65.

Kuna mtu atasema: msilinganishe orodha ya majina na kifo cha Lumumba. Tunakubali, haviko sawa. Lakini vinafanya kazi kwa njia moja: kila mtu anachukua kipande kidogo ambacho dhamiri yake inaweza kubeba, na vipande vikikutana, mtu anapotea. Mwengine atasema: ninyi mna kiburi, njaa haisomi historia. Hilo nalo tunalijua kuliko yeye anayelisema. Hatukatai kazi. Hatusemi kijana akifanya kazi serikalini ni msaliti; inchi hii inahitaji walimu, madaktari, majaji na makarani wasafi. Tunakataa kazi isiyo na jina, bahasha isiyo na karatasi, na karatasi isiyotuambia inaenda wapi.

Sasa tuangalie kilichofuata, sababu uongo wa baada ya kifo uliharibu inchi karibu sawa na kifo chenyewe.

Kwa siku 27 wananchi hawakuambiwa kwamba amekufa. Wakati huo komisari wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, pamoja na msaidizi wake, walifukua miili, wakaikata, wakaiyeyusha kwa asidi. Tarehe 13 Februari 1961 waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, akaitisha waandishi wa habari. Akasema wafungwa walitoroka na wakauawa na wanakijiji, wa kijiji ambacho hakukitaja. Akasema pia kwamba anayewashitaki alete ushahidi. Ushahidi walikuwa wameuyeyusha ndani ya pipa. Tangu siku hiyo, sentensi hiyo imekuwa kama sheria ya pili ya inchi hii: leta ushahidi, anasema yule aliyeuharibu.

Pauline hakuwa na kaburi la kulilia. Huko Cairo, Belgrade na miji mingine, watu walishambulia ubalozi wa Ubelgiji kwa hasira. Kwetu hasira ilitafuta njia na ikapata bunduki: mwaka 1964 Pierre Mulele katika Kwilu, na Simba mashariki, ambao waliteka Stanleyville tarehe 5 Agosti. Wengi walipigana kwa jina la Lumumba, na wengi waliua watu wasio na kosa kwa jina hilohilo. Ndiyo matunda ya haki iliyokataliwa: ukifunga mlango wa mahakama, watu wanavunja ukuta, na ukuta unaangukia walio ndani na walio nje.

Kisha ukaja ujanja mkubwa zaidi. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye askari wake walimkamata Lumumba na kumpiga mbele ya kamera, akamtangaza shujaa wa taifa. Tangu hapo kila utawala unamtumia. Jina kwenye barabara, picha kwenye pesa, maua kila 17 Januari. Shujaa hana shida kwa serikali, anasimama kwenye jiwe na hasemi kitu. Mtu aliyeuawa ndiye mwenye shida, sababu anauliza maswali.

Mara moja tu tulikaribia majibu. Konferansi ya Taifa iliyomalizika mwaka 1992 iliunda tume juu ya mauaji ya kisiasa. Tume ilifanya kazi. Lakini Konferansi ikafungwa bila ripoti hiyo kusomwa mbele ya wananchi.

Waliofungua dosie ni wengine. Mwaka 1975 seneti ya Amerika ilionyesha kwamba CIA ilituma sumu Léopoldville kumuua Lumumba, sumu ambayo haikutumika. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji walikuwa na lawama ya kimaadili, na mwaka 2002 serikali yao ikaomba radhi. Mwaka 2011 watoto wa Lumumba walipeleka mashitaka Brussels. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji ulirudisha jino moja, lile ambalo Soete alilitunza kama kumbukumbu ya uwindaji. Jino hilo lilizungushwa Sankuru, Kisangani, hapa Lubumbashi na Shilatembo, likazikwa Limete, Kinshasa, tarehe 30 Juni. Wengi wetu tulisimama pembeni ya barabara siku ile. Sanduku kubwa kwa jino dogo. Novemba 2024 watu wakavunja na kuharibu kaburi hilo, na serikali ikatuambia tusiwe na wasiwasi, jino lipo.

Juni 2025 mwendesha mashitaka wa Brussels aliomba Étienne Davignon afikishwe mahakamani. Ana miaka 93. Mwaka ule alikuwa mwanadiplomasia mchanga wa miaka 28. Angalieni tena umri. Yeye anakana, na mahakama ndiyo itasema. Tulipoandika barua hii Januari 2026, majaji walikuwa hawajaamua bado. Lakini aibu iko kwetu: mzee wa miaka 93 anaulizwa maswali Ubelgiji, na Kinshasa hakuna aliyewahi kuulizwa. Karibu wote waliohusika wamekufa katika vitanda vyao, wengine wakizikwa kwa heshima ya taifa.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba barabarani kwa amani, mambo haya:

1. Bunge liunde tume ya uchunguzi ya Wakongo juu ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, vikao viwe wazi na virushwe kwenye radio katika lugha zetu nne za taifa.

2. Ripoti ya tume ya mauaji ya Konferansi ya Taifa ichapishwe yote, bila kufuta majina.

3. Nyaraka za usalama za miaka ya 1960 na 1961 zifunguliwe, na serikali iombe rasmi nakala za zile zilizoko Brussels.

4. Wananchi waambiwe uchunguzi juu ya kaburi la Limete ulifika wapi.

5. Majina ya Maurice Mpolo na Joseph Okito yasomwe pamoja na jina la Lumumba kila tarehe 17 Januari, shuleni na kwenye sherehe.

Hayo ni kwa wakubwa. Sasa ni kwetu.

Kabla ya kukubali kazi yoyote, tuulize maswali matatu. Ninamfanyia nani? Karatasi hii inaenda wapi? Kama mtu aliyeandikwa humu angekuwa ndugu yangu, ningeiandika? Ukikosa jibu la swali hata moja, rudisha bahasha. Ukiogopa kurudisha peke yako, njoo tukusindikize. Ukiwa na deni la hospitali, njoo useme, tutachanga, hata kama ni mia tano tano. Kijana akiachwa peke yake na njaa yake ndiye anayenunuliwa. Wakamishina wa 1960 walipewa gari, nyumba na cheo, na hatujui kama kati yao kulikuwa na rafiki hata mmoja aliyewauliza: hii ndege inaenda wapi?

Leo usiku, saa tatu na dakika 40, popote ulipo, mwenye umeme na asiye na umeme, zima muziki. Dakika tatu tu. Toka mbele ya parseli yenu, sema kwa sauti: Joseph Okito, Maurice Mpolo, Patrice Lumumba. Jirani akiuliza kuna nini, mweleze.

Kisha rudi ndani. Na simu ikilia kesho asubuhi, utajua la kujibu.